Tonton Hakuwa na Homa

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka Kisangani. Goti lako linasemaje na mvua hizi za Kindu? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu nilikwambia tonton Ramazani "amelazwa kidogo", nikakata upesi. Huyo ndiye kaka pekee uliyebaki naye, una haki ya kujua yote, ila mdomo wangu uliona haya. Karatasi haina macho, basi soma.

Kikohozi kilianza kwa tantine Salima, mke wake, kisha kikamshika tonton. Wazee wawili wa rika moja, nyumba moja. Tantine alipata homa kali, akatetemeka, akatoka jasho, na haikupita muda alikuwa uani anatwanga majani ya pondu. Tonton hakupata homa. Alikohoa tu, chakula hagusi, anasema amechoka.

Unajua hapa nyumbani wananiita docteur tangu nianze masomo ya uuguzi, na ninachosema ndicho kinachofuatwa. Nikamgusa paji la uso, nikakuta baridi. Nikasema mbele ya majirani: "Tonton, hauna homa, hauna ugonjwa. Tantine iko anatwanga pondu, na weye mwanaume unalala tu?" Uani kote wakaangua kicheko. Tonton naye akacheka, akainuka, akabeba bidoni iliyojaa mawese mpaka sokoni. Hakulalamika tena. Mwanaume akishachekwa hivyo, mama, atamlalamikia nani?

Kinachonila roho ni kwamba nilikuwa nimesoma. Tulifundishwa darasani kuwa mtu akizeeka, askari wa mwili wanaopigana na vijidudu huchelewa kuamka, na homa inaweza isije hata kama mapafu yameshaharibika. Tena mara nyingi kinga ya wanaume wazee hudhoofika kuliko ya wanawake wa umri wao. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri, nikaja nyumbani na majigambo. Kumbe homa ya tantine ilikuwa mwili wake unapigana, na mimi nikamcheka tonton kwa kutokuwa nayo.

Jioni moja tonton akaniangalia, akaniita kwa jina la babu, marehemu baba yenu, akaniuliza kama nimekula. Nikacheka tena. Mama, nilicheka! Tantine hakucheka.

"Docteur, wacha. Angalia kifua yake. Haiko anapumua muzuri."

Kweli, alikuwa anahema kama mtu aliyetoka mbio, naye amekaa kitini.

"Alors, tunaenda," tantine akasema, wala hakungoja neno langu.

Hospitalini walisema ni nimonia, na ndiyo iliyomvuruga akili. Wakampa oksijeni na dawa za mshipa. Sasa anakunywa uji kidogo na jina langu amelikumbuka, lakini bado ni dhaifu na madaktari hawajatuahidi kitu.

Na bado anawaambia wagonjwa wenzake: "Ule mutoto ndio docteur yangu." Natamani kuingia chini ya kitanda. Leo asubuhi muuguzi alikuja na sindano, tonton akarudisha mkono, akanitazama mimi.

"Docteur, nikubali?"

Nikashindwa kumtazama. Nikamwambia: "Tonton, usiniulize miye. Ulikuwa mugonjwa, na nilikucheka. Mupe mukono."

Akamnyooshea muuguzi mkono.

"Bon," akasema. "Ata miye nilijua niko mugonjwa. Nilisikia haya."

Nikamshikia mkono, mama, mpaka sindano ikaisha.

Msalimie bibi mzaa papa, mwambie tumbaku yake nitaituma na mtu wa kwanza anayekuja huko. Msalimie dada yangu mkubwa na watoto wake. Na papa mpe salamu zangu za heshima. Akianza kukohoa, hata akiwa baridi kama mtungi, msimwulize kama yeye ni mwanaume. Mpelekeni.

Ni mimi mwanao,
Asumani. Ukinijibu, kwenye bahasha andika jina hilo tu, usiandike docteur.