Shayiri Kabla ya Wakati

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Nimempeleka kaka Preben hospitali. Goti litapasuliwa kesho. Atalazwa siku nane! Njia nzima hakulitaja hilo goti — ni ndama tu. Kumi na wanne, ndio kwanza watoke malishoni, nafaka hawaijui. Kaniachia karatasi mlangoni mwa friji: majani makavu kwanza, washibe, kisha shayiri, kila ndama kikombe kimoja, kila siku ya tatu uongeze kimoja. Wiki tatu nzima! Nikamwambia anawalea kama watoto wa chekechea. Akacheka.

"Dada, tumbo la ndama halijui haraka."

Jumatano, 6 Novemba
Wanavyoipenda shayiri, jamani! Wanalamba hori mpaka linang'aa. Leo nimewamiminia ndoo kadhaa. Akirudi awakute wamenawiri, aone kwamba na mimi najua. Miaka thelathini kwenye shamba la baba yetu, bado wageni wananiita msaidizi wa Preben.

Majani sikuwapa. Mvua, na marobota mazito.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeongeza maradufu. Wamemaliza yote.

Jumamosi, 9 Novemba
Hori limejaa. Hawataki. Hakuna anayecheua hata mmoja — zizi kimya. Kinyesi kama uji wa kijivu, kinanuka uchachu. Watatu wamelala, wanasaga meno. Yule mwenye baka jeupe anajipiga teke tumboni.

Daktari wa mifugo, Vibeke, alifika asubuhi hiyo hiyo. Akapitisha mpira kooni, akawanywesha maji ya magadi. Akasema matumbo yamechachuka: wamekula nafaka nyingi kwa ghafla, tena bila majani ya kuwacheusha.

"Imekuwaje, Bi Gudrun?"

Nikasema komeo la ghala lilifyatuka, wakaingia wenyewe.

Lilinitoka tu! Sikulipanga. Yeye akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Jumapili, 10 Novemba
Mwenye baka amekufa. Nimemfunika turubai. Ndiye aliyekuwa akimfuata Preben kila aendako, akimnusa mifuko kutafuta ganda la mkate mweusi. Wawili bado hawajainuka. Wengine nawapa majani, majani tu, kwa mkono. Nimeyabeba yale marobota yote peke yangu. Hayakuwa mazito kiasi hicho.

Karatasi nimeibandua frijini. Nimeikunja. Sijui niiweke wapi.

Jumanne, 12 Novemba
Preben karudi, magongo mawili. Koti hakuvua — moja kwa moja zizini. Kumbe daktari alikwisha kumpigia simu. Nilijiandaa kwa makaripio. Laiti angenikaripia!

Akakaa ukingoni mwa hori, akanishika mkono.

"Nisamehe, dada. Lile komeo nilikuahidi kulitengeneza tangu kiangazi. Uzembe wangu ndio uliomuua."

"Kaka —"

"Usinitetee."

Nami nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza.

Sasa namwona kutoka dirisha la jikoni. Yuko mvuani, gongo moja kwapani, misumari mdomoni, anagongomea komeo jipya. Goti ndio kwanza litimize wiki tangu lishonwe! Nimefungua dirisha, nimemwita kwa sauti. Kageuka, maji yanamchuruzika usoni.

"Unasemaje?"

Nimemwambia kahawa iko tayari.

Kainua nyundo kunishukuru. Anaendelea kugonga.