Tumenunua Nyumba Yake Mnadani, Sasa Anatualika Chakula

Mpendwa shangazi yetu, Tata Wakonyo,

Naomba msaada wako haraka, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo nimealikwa chakula cha mchana na mama ambaye tumenunua nyumba yake kwa mnada wa korti, na sijui kama niende, na nikienda sijui kama nile.

Mimi naitwa Nekesa, mzaliwa wa Bungoma, nashona yunifomu za shule hapa Ruiru, na mume wangu Dismas ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Thika, na tangu tuoane tumekaa nyumba ya kupanga huku Kiuu, ile ambayo ukifungua mlango unagonga kitanda, na binti yetu Maxine amekuwa msichana mkubwa na bado anabadilisha nguo nyuma ya pazia. Sasa mwaka huu Dismas akaona tangazo gazetini kwamba korti inauza nyumba ya vyumba vitatu kule Ngoingwa, akanionyesha, mimi nikacheka, nikamwambia nyumba za mnada ni za matajiri na watu wanaojuana na dalali, lakini yeye akasema tangazo linaruhusu mtu yeyote kwenda kuiona, na kuona ni bure, twende tu tuone.

Tukaenda. Njiani nilikuwa naogopa kufunguliwa mbwa, lakini aliyetufungulia geti ni mwenye nyumba mwenyewe, mjane Mkamba wa umri wa mama yangu, anaitwa Mukonyo, na hakutufokea wala hakulia, akasema, "Karibuni. Mumekuja kuona nyumba? Vueni tu viatu, nimepiga deki." Akatuzungusha kila mahali kama wageni wake wa Krismasi, akatuonyesha dirisha la jikoni linaloingiza jua asubuhi, na mti wa avokado ambao alisema haujawahi kumnyima, halafu akasogeza kabati kwa mikono yake mwenyewe, nyuma yake kuna ufa mrefu ukutani ambao sisi hatungeuona kamwe, akasema na shimo la choo hujaa wakati wa mvua ndefu, tujue mapema. Tulipofika chumba cha nyuma akaangalia juu kwenye dari, akauliza, "Muko na mtoto?" Nikamwambia tuko na mmoja. Akasema, "Basi asilale hapa mpaka mubadilishe mabati. Hapa panavuja vibaya, atashikwa na kifua."

Mbele yetu kidogo kulikuwa na bwana na bibi wengine waliokuja na gari zuri, nao akawaambia hayo hayo, ufa, choo, mabati, na yule bwana akaangalia saa yake wakaondoka hata hawajafika kwa avokado. Tulipotoka nje Dismas akaninong'oneza, "Huyu mathe ni mjanja, anaharibu nyumba na mdomo ndio isinunuliwe, abaki nayo." Nami nikamwamini.

Siku ya mnada wale wa gari hawakuja. Tulikuwa watu wachache tu, Dismas akawa anainua mkono, kukawa na mzee mmoja anashindana naye, mwishowe yule mzee akatikisa kichwa akajitoa, dalali akagonga nyundo na mimi nikapiga kelele "Yesu wangu!" watu wote wakacheka. Tulilipa robo ya bei siku hiyo hiyo, tukamalizia na akiba yetu na mkopo wa sacco, na korti imeshathibitisha na kutupa cheti cha mauzo, kwa hivyo nyumba ni yetu, Tata, mpaka leo nikisema hivyo moyo unaruka.

Juzi akanipigia simu, ile namba tulimwachia siku ya kuona nyumba. "Mama Maxine, nimesikia ni nyinyi. Nimeshukuru Mungu ni nyinyi. Kujeni Jumamosi ya wiki ijayo na mtoto mukule, nitapika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na kuku, niwajulishe kwa majirani, halafu niwape funguo. Mimi naenda kwa dada yangu Matuu." Mimi nikamwambia mama, pole sana. Akasema, "Nilidhamini ndugu yangu Kaleli achukue lori kwa mkopo, lori ikamshinda kulipa, deni likanirudia mimi. Nilisaini mwenyewe, hakuna mtu alinishika mkono. Nyinyi hamukunikosea."

Sasa nilipoeleza kanisani, Wilkister, ndiye mwenyekiti wetu wa akina mama, akashika kichwa. "Nekesa, nyumba ya mnada iko na machozi! Ukikula chakula ya huyo mama umemeza machozi yake, na mtoto wako pia!" Wengine wakaitikia. Dismas naye anasema tusiende kabisa, tumtume dalali na amri ya korti amtoe kabla ya Jumamosi, sisi tukute nyumba iko wazi tuiombee tuingie. Mimi huyo mama nampenda, Tata, nasema ukweli, ningetaka kuwa kama yeye nikifika umri huo, lakini nikikumbuka maneno ya Wilkister naogopa, na kuna usiku nimemwambia Dismas afadhali tuiuze tu tubaki na Kiuu yetu. Nifanye nini?

Nekesa, Kiuu

TATA WAKONYO ANAJIBU

Nekesa mwanangu, hongera. Naona katika kelele zote hizo hakuna aliyekumbuka kukuambia hivyo. Mshona yunifomu na fundi wa mashine wamesimama mbele ya dalali wa korti wakanunua nyumba Ngoingwa, bila kujuana na mtu! Nimekufurahia mpaka nimemsomea barua yako mzee wangu Ephantus, naye si mtu wa kufurahia mambo haraka. Basi kwa kuwa nimekupongeza, kaa chini nikukemee.

Umeniandikia barua ndefu na kitu kikubwa kuliko vyote umekipita kama hukukiona. Hivi unajua korti ikiuza nyumba pesa huenda wapi? Anayedai hulipwa chake, gharama za mnada hutolewa, na kinachobaki hurudishiwa mwenye nyumba. Kwa hivyo Mukonyo alikuwa na kila sababu ya kuacha lile kabati mahali pake. Kila mara alipowaonyesha ufa alikuwa anapunguza mfuko wake mwenyewe. Wale wa gari zuri waliondoka na pesa ambazo pengine zingemsaidia kuanza maisha huko Matuu, na aliwaona wakiondoka, na bado alipofika kwenu akasema yale yale. Nyinyi mkatoka nje mkauita ujanja.

Usiniambie alikuwa anawafukuza ili abaki na nyumba. Mnada ukikosa mnunuzi leo, nyumba hutangazwa tena kesho, na mtu aliyefikishwa kortini na deni analijua hilo kuliko wewe. Tena mtu anayekufukuza hakuonyeshi avokado. Wala haulizi mtoto wako atalala wapi.

Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi, nimesoma habari za watu waliopoteza nyumba wakang'oa madirisha, wakamwaga simiti chooni, wakaondoka na hata swichi za ukutani, na siwalaumu sana kwa sababu uchungu ni uchungu. Huyu alipiga deki. Nilipofika hapo ilibidi nivue miwani.

Wilkister mwambie kwa heshima kwamba maombi ni mazuri, na mchungaji wenu aje, ila aje Jumamosi hiyo hiyo, Mukonyo akiwepo, awaombee nyote wawili. Kama kuna machozi katika nyumba hiyo, aliyeyaleta ni lori la Kaleli, na mwenye machozi ameshakuambia kwa mdomo wake kwamba hukumkosea. Sasa wewe ni nani wa kumbishia?

Na wewe Dismas, najua unasoma hapa begani kwa mkeo. Amri ya kumtoa mtu ni ya anayekataa kutoka. Huyu anawachinjia kuku. Ukimpelekea dalali mlangoni majirani wakitazama, utapata nyumba iliyo wazi kweli, na kila asubuhi utasalimiana na watu walioona ulivyoingia. Aibu hiyo haitoki kwa rangi mpya.

Lakini wema usiwafanye wazembe. Cheti cha mauzo pekee hakitoshi, kipelekeni ofisi ya ardhi mpaka nyumba iandikwe kwa majina yenu, majina yote mawili, Nekesa, nimesema yote mawili. Ulizeni kaunti kama kuna ada za ardhi zilizobaki, na msimpe shilingi mtu yeyote anayesema atawaharakishia. Hiyo Jumamosi mkipokea funguo andikeni karatasi fupi mtie sahihi na jirani ashuhudie, Mukonyo hatakasirika, mtu aliyewahi kudhamini anajua maana ya sahihi. Habari ya kuiuza nyumba sitaki kuisikia tena. Maxine amengoja ukuta wake vya kutosha.

Kwa hivyo nenda, na ule ushibe. Beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Dismas atafute pikapu, apakie vitu vya mama huyo kwa mikono yake na amfikishe Matuu, huo si msaada, ni heshima. Mkimaliza kula usikimbilie sinki kama mwenye nyumba. Siku hiyo jikoni bado ni kwake, muulize kwanza kama atakuruhusu umsaidie kuosha vyombo.

Kisha badilisheni mabati ya chumba cha nyuma kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya makochi. Na mvua ya kwanza ikinyesha, asubuhi yake mpigie Mukonyo simu umwambie Maxine amelala pakavu.

Tata Wakonyo