Chumba cha Pembeni

Dada yangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila nawashwa mwili mzima. Tetekuwanga iliingia bwenini, nikawahamishia wagonjwa chumba cha pembeni na kuwapaka dawa mwenyewe. Wote wamepona, wamerudi darasani. Sasa nimebaki mimi, matroni wao, kwenye kitanda cha mwanafunzi, miguu inaning'inia nje.

Mpishi anaweka sahani mlangoni, anabisha hodi, anakimbia kama ameiba. Wasichana wakipita dirishani wananifokea, "Matroni, usijikune!" Maneno yangu mwenyewe hayo! Nacheka, kisha kengele inalia na wote wanatoweka.

Unakumbuka ulipougua wewe? Mama alikufungia chumba cha nyuma, akanikataza kukusogelea. Ndiyo maana mimi sikuipata utotoni. Lakini kila nilipogonga ukuta, ulinijibu.

Tangu tumzike Mama hujaniandikia. Sikulaumu. Nakujua, ukinuna umenuna.

Jana usingizi ulinipaa, nikagonga ukuta. Upande wa pili ni stoo ya magodoro, najua, funguo ninazo mimi. Hata hivyo nilitega sikio, nikasubiri.

Mdogo wako