Wimbo wa Nane wa Kaka Haji

Kaka Haji,

Nshachoka. Nianze na hilo, maana hata salamu naiona nzito. Tokea alfajiri nlikuwa kwenye foleni ya mchele, na sasa nimekaa kwenye kiti chako cha kazi, baina ya maredio ya watu ambayo hukuwahi kuyatengeneza. Wenyewe wanakuja kuyauliza. Nawaambia fundi keshatangulia, wanasema "inna lillahi," halafu wanabaki wamesimama mlangoni. Basi na mimi nabaki nimekaa.

Nina jambo la kukwambia, na nimelikimbia muda mrefu.

Yule bwana wa santuri wa Mombasa aliandika: nyimbo nane, au hakuna santuri. Saba uliziacha tayari. Wa nane ulikuwa umeupiga kwenye tepu wewe peke yako, kwa lile bati lako la biskuti ulilolijaza taa za redio mbovu, linalolia ukizungusha kidude. Mtaa mzima ulisema Haji kapagawa. Wewe unacheka tu: "Waache, Saumu, watazoea." Hawakuzoea, lakini walikuwa wakisimama dirishani kusikiliza. Bati lenyewe lilizima siku chache baada ya kukuzika, na hapa hakuna anayejua hata pa kulifungulia.

Basi ilibaki sauti yangu iwekwe juu ya bati lako. Unaijua njia yetu ya kimasikini: rikoda moja, na kikaratasi cha pakiti ya sigara unachokibandika kwenye kichwa cha rikoda kinachofuta tepu, ili cha zamani kibaki na kipya kikae juu yake. Na wakati unaimba husikii kilichoko chini, lazima uwe nacho moyoni. Ulikuwa ukiniuliza mara tatu tatu, "Umeweka karatasi?" mpaka nakufokea, jamani, mimi mtoto?

Siku ile sikuwa nimelala vizuri tangu matanga. Nikarudisha tepu, nikaimba. Niliimba vizuri, wallahi. Nilikuachia nafasi zako zote nne, naimba, nanyamaza bati lako lilie, naimba tena. Nikarudisha kusikiliza. Ni mimi. Mimi peke yangu, halafu kimya, halafu mimi tena. Kikaratasi kilikuwa juu ya meza, chini ya kikombe cha chai.

Nimekufuta, kaka. Kwa mkono wangu huu. Salum wa ngoma aliponiuliza nikamwambia tepu imekwama. Nimeongopa miezi mitatu, na uongo unachosha kuliko foleni.

Juma lililopita wifi Mwanakombo katoka eda. Hakwenda hata kwao Makunduchi kuwaona wazee, kaja moja kwa moja hapa. Ati anataka kumsikia mumewe. Nikamweleza yote nimesimama, nikingoja anizabe kofi. Akakaa chini karibu na rikoda, akasema, "Ipige hivyo hivyo."

Nikaipiga. Kwenye tepu nikaimba, nikanyamaza. Na pale kwenye kimya, wifi, mdomo kaufumba, akalia kama bati lako! Ikapanda, ikashuka, mpaka ule mkwaruzo wa mwisho ambao mimi na Salum siku zote tulidhani ni hitilafu. Nafasi zote nne, hakukosea hata moja. Nilisahau kuwa miezi yote ile ulipokuwa ukiupigapiga wimbo huu, alikuwa nyuma ya ukuta huu huu, anapika na kukulaani kwa makelele. Ulipokwisha akaona haya, akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Alinikera sana na wimbo huu," akasema. Hapo ndipo tulipolia, sote wawili, kilio ambacho matangani hakikunitoka.

Kesho anarudi, tunamrekodi. Salum nshamwambia ukweli. Kaninunia siku mbili, lakini atakuja. Wifi hataki jina lake liandikwe kwenye santuri, anaogopa watu watasemaje. Nimemwambia litaandikwa lako.

Mungu akulaze mahali pema, kaka yangu. Nisamehe. Santuri itatoka, na watu wakiisikia watasema, huyo si Haji huyo, na bati lake! Nakuahidi sitamsahihisha hata mmoja.

Dada yako,
Saumu