Sauti ya Bi Helen

Jumatatu, 4 Agosti

Kanda ya leo ni piano tupu. Safi. Muziki wa Mmarekani huyu nimeanza kuuzoea. Mwanzoni ulikuwa kama mtu anayepapasa funguo gizani. Kanda zake zilikaa gereji miaka na miaka. Mwenyewe ameshafariki. Mjane wake, Bi Helen, ametuletea hapa maktaba tuzinakili kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Imebaki moja. Nimeiacha ya mwisho kwa sababu boksi lake lina ukungu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekutana na Furaha sokoni Cabramatta, mtaa wetu huku ughaibuni, tukichagua bamia. Furaha ni Mkongo, jirani yangu wa jengo moja. Kazi yake ni kumhudumia Bi Helen nyumbani. Amenieleza nisichokijua: kwenye ile kanda iliyobaki anaimba Bi Helen mwenyewe, mumewe kwenye piano. Nakala nyingine hakuna. Baadaye alipata saratani ya koo, wakamwondoa kikoromeo. Sasa anaandika kwenye kibao. Mjukuu wake hajawahi kuisikia sauti yake.

"Dada, ile bande usiiharibu," akasema Furaha; kanda kwao ni bande. "Mama Helen anaingojea sana."

Kana kwamba nahitaji kuambiwa. Nimesahau bamia kaunta.

Jumatano, 6 Agosti

Mbaya. Nimeiweka kwenye mashine, ikalia kama paka aliyekanyagwa. Nikazima hapo hapo. Mashine imejaa unga wa kahawia. Unga huo ndio sauti yenyewe, inapukutika.

Gundi inayoshikilia unga huo imefyonza unyevu. Dawa yake ni kuioka: oveni maalum, joto dogo, muda mrefu. Ikikauka, unapata nafasi ya kuinakili kabla haijaanza kunata tena. Lakini kuna kanda ambazo oveni huziua kabisa. Nimechunguza mgongo wake: mweusi. Aina inayookwa. Nimemwita bosi wangu, Greg, naye aangalie. Amekubali. Bado naogopa. Greg akikosea, amekosea. Mimi nikikosea, nitakutana na Furaha kila siku ngazini.

Alhamisi, 7 Agosti

Imo ndani ya oveni. Sina hamu ya kula. Kila mara naenda kusoma kipimajoto. Greg kaniambia niende nikatembee.

Nimempigia mama, Tanga. Nikasema mzima, kazi nzuri.

"Mbona unaongea kama umebeba ndoo kichwani?" akauliza.

Nimemweleza yote. Akaniombea dua pale pale, ndefu.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nikaiweka. Haikulia. Piano ikaingia, kisha yeye. Sauti ya juu, changa, haina woga hata kidogo. Nywele zilinisimama.

Wimbo wa tatu, paa! Kanda ikakatika, ncha ikachapa hewani. Greg alitukana. Mimi nikazima mashine. Nilidhani nimemuua mtu.

Kumbe ni kiungo cha zamani tu, mahali walipoiunga wenyewe enzi hizo. Gundi imekauka ikaachia. Hakuna sauti iliyopotea. Nikaunga upya, tukaendelea hadi mwisho. Baada ya noti ya mwisho hawakuzima. Mwanamume anauliza kama warudie. Mwanamke anacheka: "Chai kwanza!"

Imeshanakiliwa. Ipo. Nimekwenda chooni nikalia vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepeleka nakala mwenyewe kwa Bi Helen. Furaha alinifungulia mlango, kavaa kitenge cha kanisani. Bi Helen alikuwa kitini, binti yake kando, mjukuu sakafuni. Nikaicheza; Bi Helen alisikiliza amefumba macho. Sikuthubutu kumtazama. Wimbo wa pili akagonga meza, akaandika kwenye kibao, akatugeuzia: "Hapo niliingia mapema, kabla ya piano."

Tulicheka wote. Yeye pia, mabega tu yakitikisika.

Mjukuu hakujali nyimbo. Alitaka pale penye chai. Tena. Tena. "Bibi, ni wewe huyo?" Bibi akatikisa kichwa kukubali, akamshika mkono, akaubusu.

Kwenye ngazi Furaha akanikumbatia. "Mungu ni mukubwa, dada."

Nimekubali.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefua. Nimepika wali wa nazi, nimekula karibu sufuria nzima. Furaha kanitumia ujumbe: Bi Helen kalala hadi saa nne asubuhi, hawakumwamsha.

Mchana nami nikajilaza, dirisha wazi, baridi na jua pamoja. Nimeamka jioni. Kifua chepesi.