Bahasha Mbili, Milango Miwili

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kitivo kaniita. Kozi yangu ya Kijerumani na falsafa inafungwa! Mwanafunzi nimebaki peke yangu, na walimu wangu wawili hawasalimiani huu mwaka wa sita. Ijumaa nijaze fomu: lugha au falsafa. Kozi itabaki tu wote wawili wakikubali kunitahini pamoja, meza moja. Thubutu!

Kaka, fundi friji, kwenye simu: chukua lugha, Profesa (ndivyo anavyonitania), falsafa haijazi friji. Nimecheka mpaka machozi. Lakini sitaki kuchagua! Kusoma wazo kwa Kijerumani chake na kulielewa papo hapo, bila wa kunifasiria — raha ile nitamweleza nani?

Jumanne, 5 Machi

Nimesukuma insha zangu chini ya milango ya walimu wangu. Ofisi zinatazamana, korido katikati. Bahasha mbili za kaki, sikuandika kitu juu.

Saa nane, naosha kikombe, nikakumbuka: yenye doa la chai ndiyo ya falsafa. Nami nimempa Mama Saa, wa Kijerumani! Mzee Kwanini, wa falsafa, ana insha ya Kijerumani iitwayo "Chumba Changu": kitanda, dirisha, kiti. Uwii! Nimekwisha.

Jumatano, 6 Machi

Nimejificha maktaba.

Alhamisi, 7 Machi

Siamini! Katibu muhtasi ananisimulia huku kashika mbavu: Mzee Kwanini alivuka korido, akabisha hodi kwa Mama Saa, akaomba kamusi. Akaambiwa akae. Akakaa dakika arobaini! Wakabishana mpaka chai yao ikapoa.

Insha zimerudi. Kwenye "Chumba Changu" Mzee kaandika: "Ukitoka, unajuaje kiti bado kipo?" Kwenye ile ya falsafa, niliposema ahadi hufa aliyeahidiwa akisahau, Mama Saa kapiga mstari mwekundu: "Sikubali hata kidogo. Njoo tubishane."

Yeye! Ambaye kila kipindi hutazama saa!

Nimerukaruka kitandani kama mtoto. Mwenzangu wa chumbani kauliza nimefaulu nini. Bado, nikamwambia, ila we acha tu.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne na nusu. Niko kwenye benchi la korido, fomu magotini, tupu. Mwisho saa sita. Nimewaomba wote wawili, meza moja. Hakuna aliyejibu ndiyo. Mama Saa alisema tu ofisini kwake kuna viti viwili.

Kaka katuma ujumbe: umechagua? Nimezima simu.

Mlango wa Mzee Kwanini umefunguliwa. Anatoka kinyumenyume, kabeba kiti chake mwenyewe — kile kikubwa cha mbao! Anakivusha. Kimekwama mlangoni kwa Mama Saa. Yeye anasukuma, mama anavuta, kila mmoja anamfundisha mwenzake pa kushika. Mama anacheka! Sijawahi kumsikia akicheka.

Mzee kanigeukia: "We binti, unaandika nini hapo? Njoo ushike mguu huu —"