Ndoano Ikikosa Kamba

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Shianda tu wazima, na nyanya yako amekuwekea kuku. Umeanguka mtihani wa uuguzi, na unauliza kama uurudie au urudi nyumbani.

Miaka ile kila shamba lilikuwa miwa, nami dereva wa trekta. Nilimtembelea kaka yangu Mombasa, tukapanda manowari ya kigeni ya kubeba ndege za kivita, iliyokuwa imetia nanga bandarini. Nilidhani ndege ikitua juu yake, rubani hupunguza nguvu ya injini. Baharia akakataa: rubani huongeza nguvu yote, kwa kuwa ndoano iliyo mkiani mwa ndege ikikosa kamba iliyotandazwa sitahani kuinasa, lazima apae tena au azame.

Niliporudi, penye tope madereva wenzangu waliachia pedali ya mafuta, wakakwama. Mimi nilikanyaga pedali hadi mwisho, na miwa yangu ikafika kiwandani.

Ndoano yako imekosa kamba, mama. Kanyaga, rudia mtihani.

Babu yako, Kuka